Mabega Yote Mawili

Kila nikinunua viatu, cha kushoto hakifiki nyumbani kabla hakijapita kwa fundi. Ana kibanda chake hapa Tunduma, upande yanakoegeshwa malori, na kipimo changu anakijua kwa kichwa: vidole viwili vya soli ya nyongeza. Ni Mzambia aliyeoa huku. Nikitokea tu ananisalimu kwa Kibemba, "Mulishani, mama," ananyoosha mkono, anapokea kiatu, hatuna mengi. Juzi nilimkuta shingo imemkaza, amejipaka ile dawa ya kuchua yenye kafuri, inayowasha macho hata ukisimama mbali. Nilibaki na kiatu mkononi, machozi yananitoka, naye akadhani ni dawa. "Pole, mama, nimezidisha." Nilikuwa nimerudi kuwa na miaka tisa, nimelala chali, na mtu mkubwa ananiinamia akinuka hivyo hivyo.

Watu huniuliza, hasa wale wanaoniona nikipita na mzigo wangu wa vitenge: mama, huo mguu ni polio? Nasema hapana, ni mieleka. Wanacheka sana. Wacheke tu, lakini mimi sijatania. Mguu huu ulifupishwa na mieleka, na mtu aliyenitia mieleka kichwani ndiye huyo huyo aliyeniwezesha kusimama.

Nilivunjika paja msimu wa kahawa. Kwetu Iyula, kahawa iliyochumwa asubuhi lazima imenywe maganda siku hiyo hiyo, la sivyo inaharibika, kwa hiyo jioni mikokoteni ya ng'ombe inafuatana kwenda kwenye mashine. Watoto tulikatazwa kupanda juu ya magunia. Mimi nilipanda. Kwenye mteremko ng'ombe mmoja akashtuka, gurudumu likaingia mtaroni, na mimi nikawa chini, gunia juu yangu, mkokoteni juu ya gunia. Nakumbuka harufu ya zile punje mbichi zilizopasuka, tamu kama juisi, na sauti ya baba akiwapigia kelele ng'ombe kama vile wao ndio walioumia.

Hospitali ya misheni wakanilaza wodi ya watoto na kunivuta mguu. Nyinyi mliowahi kuvutwa mguu mnajua ninachosema. Walinibandika plasta ndefu za kunata pande zote mbili za mguu, wakafunga kamba, kamba ikapita juu ya kigurudumu mwisho wa kitanda, na upande wa pili ukaning'inizwa mfuko wa mchanga. Kitanda kikainuliwa kwa matofali upande wa miguu ili nisiburutwe. Nikaambiwa, "Lala chali. Usigeuke. Wiki sita." Wiki sita, mtoto wa miaka tisa! Nilijisaidia hapo hapo, nikala hapo hapo, nikaogeshwa hapo hapo kwa kitambaa. Mgongo uliwasha na sikuweza kuufikia. Juu yangu kulikuwa na dari ya mbao yenye doa la maji, na nililitazama doa hilo mpaka nikalichukia. Nikifumba macho, nausikia ule uzito wa mchanga ukinivuta mguu kama mtu asiyetaka kuniachia.

Baba na mama wasingeweza kukaa nami, kahawa ilikuwa imeiva yote kwa mpigo. Mama alikuja Jumapili baada ya ibada, na viazi vitamu na karanga za kuchemsha, na alipoondoka nililia hadi Jumatatu. Aliyebaki kuniuguza ni bibi, mama yake baba, mwanamke mfupi, mkali, mnusa ugoro, ambaye hakuwahi kulala nje ya Iyula tangu aolewe. Alilala kwenye mkeka chini ya kitanda changu na kumgombeza kila mtu, kuanzia nesi hadi kuku wa mpishi.

Wiki ya pili ndipo alipokuja Bwana Hokani. Kwao jina hilo linaandikwa kwa namna nyingine, lakini sisi tulilitamka hivyo na yeye akaitikia. Alikuwa Mswidi, ametumwa kubadilisha mabomba ya maji ya hospitali, na mabomba yetu yalipita ukutani nyuma ya kitanda changu. Mtu mzima tayari, mvi kichwani, mabega mapana kupita mlango, shingo nene iliyokuwa inanuka kafuri siku zote. Lakini masikio! Yalikuwa yamevimba na kujikunja, hayana matundu ya maana, utadhani mtu aliyatafuna akayatema. Mimi niliamua moja kwa moja kwamba alikuwa mwizi kwao, wakamwadhibu. Bibi naye hakujizuia.

"We bwana, masikio yako yameliwa na panya?"

"Hapana, mama," alisema. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka mno, cha kujifunzia darasani. "Yameliwa na mieleka."

Na hapo ndipo alipofungua sanduku lake la spana kunionyesha. Ndani ya mfuniko alikuwa amebandika picha, ya rangi nyeusi na nyeupe: kijana mwenye masikio yale yale, amevaa kivazi cha kubana, mwamuzi amemshika mkono na kuuinua juu. "Huyu ni mimi. Nilikuwa bingwa."

Basi ikawa ndiyo kazi yetu. Yeye anafungua nati ukutani, mimi nauliza, yeye anajibu huku kichwa kimo nyuma ya bomba. Alianza mieleka katika chumba cha chini ya kituo cha zimamoto cha mji wao. Baba yake alipasua mbao kiwandani na hakutaka kusikia habari za michezo, kwa hiyo kijana alitoka nyumbani kwa kisingizio cha kwaya. Akiwa bado hajaota ndevu aliangusha wanaume wenye ndevu. Akawa bingwa wa mji, akawa bingwa wa nchi nzima, akaanza kusafiri kwa treni kwenda nchi ambazo majina yake sikuweza kuyarudia. Kabla ya shindano walimpima uzito, na akizidi hata kidogo anafukuzwa. Kwa hiyo alikaa kwenye chumba cha mvuke amevaa makoti mawili, hali, hanywi, anatema mate kwenye kopo ili yapungue hata hayo mate.

"Khaa!" bibi alisema. "Chakula kipo, halafu mtu anakikataa ili akapigane? Kwao hakuna wazee wa kuwakanya?"

Habari niliyoipenda zaidi ilikuwa ya fainali ya mwisho, ile ya kwenye picha. Alikutana na jitu la nchi nyingine, likamnyanyua, likambwaga chali, likamlalia kwa uzito wote. "Katika mieleka yetu," alinieleza, ameshika spana kwa mikono miwili, "mabega yote mawili yakigusa mkeka, umekwisha. Unatoka. Lakini bega moja likiwa juu, hata kidogo tu, bado hujashindwa." Alivyofanya ni kujikunja kama daraja, kichwa chini na miguu chini, mgongo hewani, jitu limo juu yake. Mwamuzi akalala kifudifudi sakafuni kuchungulia kama bega limegusa. Halikugusa. Alikaa hivyo mpaka jitu likachoka, akachomoka, akashinda.

Nililipenda daraja lile. Nilimwomba anisimulie tena kesho yake, na kesho kutwa.

Kitanda cha dirishani kulikuwa na msichana wa rika langu, anaitwa Sekela, aliyeletwa kutoka milima ya Ileje. Sijui aliumwa nini. Hakuongea. Alilala chali, amenyooka, mikono pembeni, mama yake anamfukuzia nzi. Mimi ndiye pekee niliyeweza kumwona vizuri kwa sababu kitanda chake kilifuata changu, na nilimtazama kwa muda mrefu, kwani nilikuwa na kipi kingine cha kutazama? Asubuhi moja nikaamka, kitanda chake kitupu. Godoro limetolewa juani.

"Bibi, Sekela yuko wapi?"

"Amekwenda kwao."

"Kapona?"

Bibi akachukua sufuria, akatoka nje. Sisi wa rika langu tulilelewa hivyo, mtoto haambiwi. Ukiuliza sana unaambiwa una maneno mengi. Lakini kandambili za Sekela zilikuwa bado chini ya kitanda, zimepangwa vizuri, na mimi nilijua hakuna mama wa Ileje anayempeleka mwanawe kwenye mawe yale ya milimani miguu mitupu huku kandambili anazo.

Nikafikiri siku nzima. Na kwa akili yangu ya miaka tisa nikaipata. Sekela alilala mabega yote mawili yamegusa. Siku zote. Amekwisha, ametolewa. Na mimi nilikuwa nimelazwaje? Chali, nimeambiwa nisigeuke, na mabega yangu yote mawili yalikuwa yameshika godoro tangu nilipofika. Mama wee! Jasho lilinitoka mpaka bibi akaniwekea mkono kwenye paji akidhani ni homa.

Tangu siku hiyo nikaanza kushindana. Bibi akienda jikoni, nainua bega la kulia na kulishikilia juu. Likichoka, nabadili, la kushoto. Bibi akirudi, nachomeka ngumi chini ya bega na kujifunika shuka, hata asijue. Baadaye nikajifunza daraja lenyewe: kisogo kwenye godoro, kisigino cha mguu mzima kwenye godoro, kiuno juu. Mfuko wa mchanga ulikuwa unapanda na kushuka kama ndoo ya kisimani. Maumivu? Yalikuwepo, na makali. Lakini nilikuwa nashinda! Kila asubuhi nikiamka na kujikuta bado nipo, nilijua ni kwa sababu ya bega. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani, wale waliosema Sekela amekwenda kwao?

Walipopiga picha ya mfupa, daktari alimwita baba. Baba akaja kwa baiskeli kutoka Iyula, vidole vyeusi kwa utomvu wa kahawa, akasimama mwisho wa kitanda ameshika kofia. Daktari, kijana mpole wa kabila la Wandali, alisema polepole lakini mimi nilisikia kila neno. Mfupa ulikuwa umeanza kushika, sasa umehama na kupandana. Nikitulia wiki tatu, utashika hivyo ulivyo. Mguu utakuwa mfupi kidogo, lakini nitatembea. Nikiendelea kujinyonganyonga hautashika kabisa, na hapo yeye hana la kufanya.

"Mwanangu," baba akasema, "unataka nini? Unataka kutambaa maisha yako yote? Nani atakubeba mimi nikizeeka?"

Nilitaka kumjibu. Nilimtazama nikasema kimoyomoyo, baba, mimi najitahidi kuliko mnavyojua. Akaondoka na baiskeli yake bila kugeuka, na sijawahi kujisikia peke yangu kama saa ile.

Mchana ule ule wakanifunga. Nesi alishika upande mmoja, bibi upande wa pili, wakapitisha khanga mbili kifuani na kuzifunga chini ya kitanda. Bibi alikuwa analia huku anakaza fundo. "Tulia, mama yangu, tulia basi, unaniua." Nilimng'ata nesi mkono. Nilipiga kelele mpaka watoto wengine wote wakaanza kulia. Khanga zilinibana, mguu umevutwa, doa la dari liko juu yangu, na mabega yanasukumwa chini, chini, kwenye godoro. Niliamini kabisa kwamba bibi yangu ananiua na hajui.

Bwana Hokani aliingia kesho yake na sanduku lake, akakuta hali hiyo. Nilikuwa nimekauka sauti.

"Nani amemfunga mtoto?"

"Mimi," bibi akamjibu kwa hasira. "Mimi na nesi. Unataka awe kiwete? Hatulii huyu, mchana kutwa anajirusha kama samaki. Muulize wewe labda atakwambia, sisi katunyamazia."

Akachuchumaa karibu na kichwa changu, magoti yakalia. Kafuri ikaniingia puani. "Binti, unafanya nini?"

"Bado sijashindwa," nikamnong'oneza. "Tazama. Bega moja lipo juu." Na lilikuwa juu kweli, chini ya khanga, kiasi cha unene wa kidole. "Sekela yake yote yaligusa. Mimi bado."

Uso ulimwiva mwekundu mpaka kwenye yale masikio. Akainuka, akatembea hadi kitanda cha dirishani, akasimama pale akitazama godoro lililorudishwa na shuka safi. Aliporudi hakukaa kwenye stuli, alikaa juu ya sanduku lake la spana.

"Nina jambo la kukwambia," alisema, "na ni aibu kwangu. Nilikudanganya. Ile fainali. Nilipiga daraja, ndiyo, lakini shingo ilichoka. Mabega yangu yaligusa. Yote mawili. Nilishindwa."

"Mwamuzi aliona?"

"Aliona. Alipiga mkeka kwa kiganja. Watu wote waliona."

"Halafu ukafanyaje?"

"Nikainuka. Nikaoga. Nikala viazi, vingi sana, kwa sababu nilikuwa na njaa ya wiki nzima. Nikalala."

"Hukufa?"

"Sikufa. Tazama."

Na yule mtu mkubwa akashuka kutoka kwenye sanduku akajilaza chali kwenye sementi, katikati ya wodi, mikono pembeni kama Sekela. Akina mama wanaouguza wakasimama. "Yesu wangu, mzungu kaanguka!" bibi akapiga kelele.

"Sijaanguka, mama. Nimelala." Akageuza kichwa akanitazama. "Mabega yote mawili. Unaona? Hayajaacha nafasi. Haya, sasa na wewe. Twende pamoja."

Nilimtazama kwa muda mrefu. Kifua chake kilikuwa kinapanda na kushuka. Sementi ile ni baridi, msimu ule kwetu Mbozi hata maji ya ndoo yanauma, na yeye hakuinuka. Nikaliacha bega likashuka. Likagusa. Nikasubiri. Nikahesabu hadi ishirini, kisha hadi hamsini, na bibi bado alikuwa ananusa ugoro, na doa la dari bado lilikuwa pale. "Mfungueni," nilimsikia akisema kutoka sakafuni, na bibi akafungua yale mafundo kwa meno. Nililala mpaka walipoleta uji wa jioni.

Alikuja kila siku kwa wiki tatu. Kabla hajagusa bomba lolote alijilaza pale pale sakafuni, mimi na yeye tunalala kama dakika tano, mabega chini. Habari ikaenea hospitali nzima. Mpishi akamwita Bingwa wa Kulala. Wafagiaji walimtania usoni: "Kumbe, Bwana Hokani, ulipigwa!" Naye anajibu, "Nilipigwa vibaya sana," anaendelea na spana zake. Na ile picha ya kwenye mfuniko ilikuwa haipo tena. Alikuwa ameibandua, pamebaki alama nne za gundi.

Sasa niwaambie ninachokionea haya. Mimi nilimkasirikia. Mtoto hana shukrani, na mimi nilishakuwa na uhakika wa kuishi, nikapata nafasi ya kununa. Wiki zote zile alikuwa amejisifu mbele yangu kwa ushindi usio wake! Siku nilipotolewa, naning'inia kwenye magongo, baba ananishika kiuno, Bwana Hokani alikuja mlangoni kuniaga na kunipa mkono. Sikuupokea. Nilimwambia, "Mwongo wewe."

Baba alitaka kunizaba kofi. Yule bwana alicheka, cheko la tumboni, akasema, "Kweli kabisa." Mabomba yalipokwisha akarudi kwao, na sikumwona tena.

Jioni ile ya kwa fundi, nikiwa na kafuri bado puani, nilimsimulia binti yangu mambo haya yote. Ana miaka kumi na tisa, simu haimtoki mkononi. "Mama, jina lake la pili?" Nililikumbuka, lilikuwa limeandikwa kwa rangi nyeusi ubavuni mwa sanduku. Nikamtajia herufi moja moja. Akabonyeza, akabonyeza, halafu akanigeuzia simu.

Ilikuwa picha ile ile. Masikio yale yale, mwamuzi ameushika mkono na kuuinua.

"Amefariki, mama. Wamemwandikia taabini ndefu. Ngoja simu initafsirie." Akasoma kwa Kiswahili kilichovunjikavunjika cha simu: bingwa wa nchi, kisha bingwa wa Ulaya. Kwenye fainali alibwagwa chali, akapiga daraja, akachomoka, akashinda. Kisha akasoma sentensi moja mara mbili kwa sababu mara ya kwanza nilimwambia sijasikia: katika maisha yake yote ya mieleka hakuna mtu aliyewahi kuyagusisha mabega yake mkekani.

"Si kweli," nikasema.

"Mama, imeandikwa hapa."

"Waandike wanavyotaka." Nilikuwa nalia, na safari hii hakukuwa na dawa ya mtu ya kuisingizia. "Mimi niliyaona yakigusa. Yote mawili. Kwenye sementi, kila siku, wiki tatu."